Toba ya Kiingereza

Wasomi watetezi wa wanawake wana desturi ambayo sasa imegeuka sala ya kufungulia kitabu. Kabla ya kueleza habari za wanawake wa kijijini, mtafiti hujieleza kwanza: mimi nimesoma, nina fedha, kalamu iko mkononi mwangu, niliyemhoji hana hivyo vyote. Akishamaliza sala yake, anaendelea kama kawaida.

Sipingi mtafiti kujihoji. Ni wanawake hao hao waliosema kwamba mtafiti si malaika anayetazama kutoka juu, na walisema kweli. Mwaka 1993 Pat Caplan, Mwingereza, alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu Gendered Fields, na humo akaeleza alivyojifunza mambo ya jinsia kijijini Mafia, alikoanza utafiti mwaka 1965. Mafia si mbali: boti huondokea Nyamisati, huku kwetu Kibiti, kwenye delta ya Rufiji. Swali langu ni moja tu: toba hizi za watafiti, anasomewa nani?

Shangazi yangu, mkulima wa mpunga hapa deltani, alimkaribisha mtafiti mmoja, jina lake naliweka kapuni. Akampa chumba, akampikia, akamweleza mambo ambayo hata sisi watoto wake hatujayasikia. Wakaitana dada. Tasnifu ilipotoka, dada akawa "mhojiwa namba 14". Na kurasa za mwanzo mwandishi anakiri, tena kwa uchungu, kwamba alikuwa na nguvu kuliko waliomkaribisha. Kwa Kiingereza! Shangazi mpaka leo hajui kwamba ameombwa radhi.

Jamani, toba gani hiyo? Ukimkosea jirani wa Kibiti, huendi kuomba msamaha London. Huko unajitakasa tu, na shahada ya udaktari unapata.

Wala msiniambie haiwezekani. Mwaka 2014 Mkuki na Nyota walichapa Mikidadi wa Mafia, kitabu cha Caplan huyo huyo, kwa Kiswahili. Sasa mtu wa Mafia anaweza kufungua ukurasa na kusema, "Hapa sivyo, bibie." Huko ndiko kugawana madaraka: anayeandikwa apate nafasi ya kubisha.

Na wasomi wetu wa Mlimani wasijifiche nyuma ya Wazungu. Wengi wao nao huandika kwa lugha ile ile.

Wewe nawe, mwandishi kijana unayetunga hadithi za "mama wa kijijini", usicheke. Umemsomea nani? Kamsomee yeye, akukatize, akubishie, ndipo uchape.