"Si Inaonekana?": Jinsi Tunavyosaga Picha Zetu Kuwa Uji

Kuna maneno mawili yanayoviua vitabu vyetu vya kumbukumbu: "Si inaonekana?" Utayasikia kwenye steshenari za Maganzo, hapa jirani na mgodi wa Mwadui, na utayasikia kwa wahariri wa Dar es Salaam. Siku hizi hata waandishi wenyewe wanayasema. Unamwonyesha mtu picha ya wachimbaji ambao sura zao zimevurugika kama uji uliolala, naye anakujibu: si inaonekana? Ndiyo, inaonekana. Lakini anaonekana nani?

Hivi karibuni nimesoma muswada wa mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini miaka mingi. Maandishi yake ni matamu kweli. Katikati kuna picha ya zamani ya wenzake, wamejipanga mstari, na chini yake ameandika majina kutoka kushoto kwenda kulia. Majina yanasomeka, nyuso hazisomeki. Wengi wao walishazikwa, na kuna mjukuu ambaye hana picha nyingine ya babu yake zaidi ya hilo doa la kijivu.

Picha ya karatasi haikuwa na kosa. Ilipigwa tena kwa simu, ikarushwa kwenye kundi la familia, ikapakuliwa, ikabandikwa kwenye waraka, waraka ukageuzwa PDF. Kila kituo kilikata ushuru wake, na hakuna kilichotoa risiti.

Tuelewane hapa. JPEG, fomati ya picha nyingi za simu, hupunguza uzito wa faili kwa kuigawa picha katika viraba vya nukta nane kwa nane, kisha kutupa maelezo madogo ambayo jicho huenda lisiyaone. Kwa mara moja, tena kwa kiwango kizuri, hakuna ubaya. Ila ukiibana upya, na upya tena, kinachotupwa sasa ni kope, kovu na namba iliyoandikwa kwenye kofia. PNG haitupi nukta hata moja. Lakini kuigeuza JPEG iliyoharibika kuwa PNG ni kumvisha maiti suti: faili inanenepa, uhai haurudi.

Sasa nyie wapenzi wa fasihi mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Haya, fikirini programu ambayo kila ukihifadhi hadithi yako inafuta vivumishi ili faili iwe nyepesi. Mngeandamana! Mhariri anayegombana na mwandishi siku tatu kwa ajili ya koma moja anapitisha picha iliyopoteza zaidi ya nusu ya nukta zake, wala hashtuki. Picha ya kumbukumbu ni matini. Inasomwa, inanukuliwa na kubishaniwa kama aya yoyote ile.

Na programu zenyewe zisijifanye hazihusiki. Microsoft Word, kwa mpangilio wake wa kawaida, hubana picha unapohifadhi waraka. LibreOffice, ikitengeneza PDF, nayo huja ikiwa imeshachaguliwa kubana kwa JPEG na kushusha picha hadi nukta 300 kwa inchi. Mipangilio hiyo inaweza kuzimwa, lakini imefichwa ndani ya menyu ambazo mzee wangu hatazifungua kamwe. Afadhali LaTeX, ambayo watu huiogopa kwa ukali. Ukiipa pdfLaTeX fomati isiyoijua, inasimama na kukupigia kelele. JPEG inaiingiza kama ilivyo. Mchoro wa mistari wa EPS inaugeuza kuwa PDF bila kuisaga mistari iwe nukta. Mimi namtaka huyo mgomvi kuliko mpole anayeniibia nikiwa nimelala.

Watu wa Mwadui wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1947 mgodi huu ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilipochongwa, zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka, lakini aliyeichonga alijua anaondoa nini na kwa nini. Kinachochongwa hakirudi, ndiyo maana hakichongwi kimya kimya.

Najua jibu: bando ghali, faili nzito hazipandi, mtandao wenyewe ndio huu. Ni kweli, na silidharau hilo. Nakala nyepesi ya kutuma iwepo. Ninachokataa ni nakala nyepesi kubaki peke yake. Hili si la vitabu tu. Novemba 2022 bwawa la majitaka la mgodi lilipopasuka, tope lilifunika nyumba na mashamba. Picha ya nyumba kabla ya tope ni ushahidi, na faili yake asilia kwa kawaida hubeba tarehe na saa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti, inafika nzima.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na sioni aibu kuyadai. Mosi, watengenezaji wa programu: mkitaka kutupa kitu cha mtu, muulizeni kwanza. Pili, wachapishaji: msipokee picha iliyobandikwa ndani ya waraka peke yake. Dai faili ya asili kando, iliyoskaniwa kwa nukta zisizopungua 300 kwa inchi, na mseme hivyo kwenye mkataba. Tatu, waandishi: wekeni asili kwenye fleshi mbili, nyumba mbili tofauti, na msiiguse hiyo. Chezeeni nakala.

Na wewe msomaji, ukinunua kitabu cha historia ya kwenu ukakuta nyuso zimekuwa uji, usinyamaze. Mwandikie mchapishaji, mtajie ukurasa. Kosa la tahajia mbona huwa tunalipigia kelele?