Kadi ya Harusi: Mwaliko au Ankara?

Kahawa ikishauzwa na malipo ya chama cha ushirika yakianza kufika mikononi, hapa Namswea na parokia za jirani msimu wa harusi nao unafunguliwa. Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, bahasha zinapita kutoka mkono hadi mkono. Ukipewa moja, hata kabla hujaifungua unajua mambo mawili: kuna mtu anaoa, na wewe unadaiwa.

Sisi tulioko seminarini tunakutana na kadi hizi kila tunaporudi nyumbani likizo. Nyingi zinapendeza: karatasi nzito, maandishi ya dhahabu, utepe wa rangi ya sare. Uzuri huo hatuna ugomvi nao, maana ndoa ni jambo kubwa na linastahili kutangazwa kwa heshima. Tunachosikitikia ni kwamba kadi imeacha kualika.

Siku hizi familia moja huchapisha kadi mbili. Ya kwanza ni kadi ya mchango. Hiyo inatoka miezi kadhaa kabla, ikiwa na namba ya simu ya kutumia fedha na tarehe ya mwisho. Ya pili ndiyo ya mwaliko. Inatoka siku za mwisho, imeandikwa kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, na anapewa aliyekamilisha ahadi yake. Aliyetoa nusu anapigiwa simu na mweka hazina. Ambaye hakutoa kitu hapewi kitu, na mlangoni mwa ukumbi anasimama kijana wa kamati akikagua kadi. Tuseme ukweli: hiyo ni tiketi.

Wapo watakaotujibu kwamba bila michango harusi haifanyiki. Tunakubali, na tunaongeza kwamba kuchangiana ni mila njema. Jirani analeta debe la mahindi, mwingine kuku, akina mama wanabeba kuni na maji, vijana wanajenga kibanda. Lakini katika mila hiyo aliyeleta kuni hula pamoja na aliyeleta mbuzi, na bibi asiye na cha kuleta hukaribishwa kwa sababu ni bibi. Kwanza mtu alialikwa, kisha akasaidia kadiri alivyoweza. Sisi tumegeuza mpangilio huo.

Bwana wetu aliligusa jambo hili akiwa mezani. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamwambia mwenyeji wake awaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kumlipa. Tukiipima kadi yetu kwa maneno hayo, wale aliotaka waalikwe kwanza ndio wanaobaki nje ya mlango.

Kuna hasara kubwa zaidi ya aibu ya mlangoni. Katika jumuiya ndogondogo zetu tunazifahamu familia zilizoishi pamoja miaka kumi na zaidi, watoto wamebatizwa, lakini baba na mama hawajafunga ndoa wala hawapokei Komunyo. Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: "Bado hatujajipanga." Kujipanga maana yake ni kadi, ukumbi, keki na sare. Sheria ya Kanisa haidai hayo. Kanuni ya 1108 inataka wachumba wawili, paroko au padri au shemasi aliyepewa mamlaka, na mashahidi wawili. Hao ni watu watano. Sakramenti inayohitaji watu watano inasubiri kadi mia tatu.

Hata Papa Fransisko aliliona hili. Katika wosia wake wa mwaka 2016, Amoris Laetitia, namba 212, anaeleza jinsi matayarisho ya karibu ya ndoa yanavyomezwa na kadi za mwaliko, mavazi na sherehe, vikala fedha, nguvu na furaha pia, hata wachumba wanafika altareni wamechoka.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, kadi isichapishwe kabla wachumba hawajaonana na paroko na kukubaliana tarehe. Kadi zikishasambaa, paroko anabanwa na ukumbi uliokwisha kulipiwa.

Pili, misa ikae juu ya kadi. Kwenye kadi nyingi ukumbi umeandikwa kwa herufi kubwa, na kanisa limebanwa pembeni kama kituo cha kupitia. Andikeni jina la parokia au kigango, siku na saa ya misa, kisha ndipo mtaje chakula.

Tatu, ombi la mchango liwe barua ya pekee kwa ndugu na marafiki wenye uwezo, bila kutaja kima cha chini. Mwaliko usiwe risiti ya ahadi.

Nne, walio mbali, Songea au Dar es Salaam, watumiwe picha ya kadi kwa simu. Mzee asiye na simu apelekewe mtu wa kumwalika kwa mdomo. Atafurahi kuliko kupewa bahasha.

Tena tunayo kadi nyingine ambayo haimgharimu mtu hata shilingi: matangazo ya ndoa kanisani. Majina yanaposomwa mbele ya waamini, parokia nzima inapewa habari ili ije kushuhudia na kusali. Mwishoni mwa tangazo, wachumba wakiruhusiwa na paroko, wanaweza kuongeza neno moja: "Wote mnakaribishwa." Waliseme endapo wamekusudia kulitimiza, hata kama chakula kitakuwa makande na chai.

Ndugu zetu waseminari, kesho ndio mtakaofundisha wachumba. Jambo hili liingie katika mafundisho ya ndoa mapema, kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza. Nanyi wazazi, kabla ya kupeleka orodha ya majina kwa mchapaji, mtafuteni humo yule mama wa jumuiya aliyesali rozari na binti yenu tangu utoto wake. Kama jina lake halimo kwa sababu hakuchanga, orodha hiyo haijakamilika.