Makaa ya Ngaka, breki za Dreamliner na ufa mdogo

Wadau wa Mbinga mpaka Mbamba Bay, malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka tumeshayazoea. Mengine yanaelekea viwanda vya saruji, mengine bandari ya Mtwara, makaa yapelekwe nje. Tunauza kaboni ya kuchoma, ikiisha ni majivu. Lakini ipo kaboni nyingine inayouzwa bei mbaya kwa sababu imezuiwa isiungue.

Mfano uko nyumbani. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, Boeing 787-8, ilitua Dar Julai 2018. Diski zake za breki ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja kwa kaboni. Ni nyepesi kuliko chuma, na pasipo hewa kaboni hiyo inahimili hata joto la Selsiasi 2,000. Adui ni oksijeni. Kwenye hewa, ikifika 400 hadi 500 tu inaanza kuliwa kidogo kidogo, inageuka gesi, nguvu inapungua.

Dawa yake ni koti. Breki hupakwa kinga sehemu zisizosuguana. Penye moto mkali zaidi hutumika koti la silikoni kabaidi, ambalo likichemka linatoa utando kama kioo unaozuia oksijeni. Tatizo, koti na kaboni havitanuki sawa, hivyo vikipoa koti linapata nyufa. Mchoma mkaa yeyote anaelewa: udongo wa tanuri ukipasuka wewe umelala, asubuhi unakuta majivu.

Marekani walijifunza kwa msiba. Januari 2003 chombo cha Columbia kikiruka, kipande cha povu kiligonga ukingo wa bawa la kushoto, uliokuwa wa kaboni yenye koti hilo. Tarehe 1 Februari kikirudi, hewa ya moto ilipenya tundu, watu saba wakafa. Kuanzia 2005 NASA ikawa inakagua ukingo huo chombo kikiwa bado angani.

Kwa hiyo thamani haiko kwenye kaboni peke yake, iko kwa anayejua kuipaka na kuikagua. Makaa ya Ngaka hayatakuwa breki kesho, hata grafaiti ya Mahenge bado ina safari. Ila kahawa yetu tunaikoboa hapa hapa Mbinga. Basi kiongozi akija na wimbo wa "kuongeza thamani", tumuulize: tanuri la majaribio liko wapi, na kijana gani wa Ruvuma anasomeshwa kuliendesha?

Mnasemaje, wadau?