STAA ALIYECHEKWA KWA "KUCHAPIA" KIINGEREZA ALIKUWA SAHIHI, WALIOCHEKA NDO WALICHAPIA

Kama ulikuwa mtandaoni sikukuu ya Idd, basi hii ishu ulikutana nayo. Mrembo mmoja wa Bongo Movie, ambaye ndoa yake bado mbichi, alitupia picha akiwa ukweni. Gauni la kijani, sinia la pilau mbele yake, mawifi wamemzunguka wanacheka. Picha kali kiukweli. Chini yake akamwaga ung'eng'e:

"Eid lunch at my in-laws'. We ate our pilau, then we ate my in-laws'."

Hapo ndo balaa lilipoanza. Hakuna aliyeongelea gauni wala pilau. Watu walienda moja kwa moja kwenye ritifaa, kile kialama kama cha kwenye neno ng'ombe, kilichokaa mwishoni mwa neno bila kitu mbele yake. "In-laws' nini sasa? Malizia sentensi dada." "Ritifaa imedondoka jamani, aiokote." "Alitaka kusema in-law's, ndo madhara ya Kayumba hayo." Jamaa mmoja mwenye wafuasi kibao akapiga skrini shoti, akaweka kwake na vikatuni vya kucheka. Mpaka jioni mada ilishakuwa elimu ya mrembo, na mume wake aliyekubali kuoa "mtu wa hivyo".

Mrembo mwenyewe hajawahi kuficha kwamba shule aliishia kidato cha pili. Hajaficha pia kwamba tangu mwaka jana anasoma Kiingereza jioni, akitoka lokesheni. Alichofanya siku ile ni kuingia kwenye kapsheni yake, kufuta ritifaa zote mbili, na kukaa kimya. Kelele zikaisha. Tangu siku hiyo anaposti vikatuni vya moyo tu, maneno hakuna.

Sasa wadau, ukweli ni huu: ile kapsheni ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa. Iliyobaki sasa hivi ndo mbovu.

Sikia. Kwenye Kiingereza, wenye mali wakiwa wengi na neno lao linaishia na s, ritifaa inakaa baada ya hiyo s. My parents' house, nyumba ya wazazi wangu. Hilo wengi wanalijua. Kinachowachanganya ni pale ile nyumba inapoachwa bila kutajwa. Mzungu anasema "I'm staying at my parents'" na sentensi imeisha hapo. Neno house halipo, lakini kila mtu analielewa, na ritifaa inabaki palepale kuonyesha kuna kitu chao kimerukwa.

Na hata Kiswahili kinafanya hivyohivyo kila siku. Ukisema "naenda kwa wajomba", kuna mtu anakuuliza kwa wajomba wapi? Nyumba hujaitaja na umeeleweka. Ukisema "gari letu dogo kuliko la majirani", neno gari hulirudii, ile "la" inatosha. Mzungu hana "la" wala "ya". Kazi hiyo anaifanyia kwa ritifaa: "Our car is smaller than our neighbours'."

Rudi sasa kwa mrembo. "At my in-laws'" ni nyumbani kwa wakwe. "We ate my in-laws'" ni tukala na ya wakwe, yaani pilau yao. Wale waliotaka "in-law's" walikuwa wanamwambia aandike pilau ya mkwe mmoja tu, wakati ukweni kwake kuna baba mkwe, mama mkwe na mawifi wa kutosha. Na ukiiondoa kabisa, kama alivyolazimika kuiondoa, inabaki "we ate my in-laws". Tuliwala wakwe zangu! Hahahaa. Hiyo ndo sentensi ambayo mtandao mzima umeridhika nayo.

Kwa anayetaka kujua lini aiweke, kipimo ni rahisi: jaribu kuongeza kile kilichorukwa. "At my in-laws' house" inakubali, weka ritifaa. "I love my in-laws" haidai kitu chochote, hao ni wakwe wenyewe, basi usiweke. "I came with my in-laws" vilevile, umekuja na watu. Neno la wingi lisiloishia na s, kama children au women, ritifaa inatangulia s: "This room is the children's."

Tena wapenda picha wawe makini hapa. "A photo of my parents" ni picha inayowaonyesha wazazi. "A photo of my parents'" ni picha ambayo ni mali yao, hata kama ndani yake kuna mbuzi.

Hata wenye lugha yao inawapiga chenga, maana kwa mdomo parents, parent's na parents' zote zinasikika sawa. Ile muvi ya Sandra Bullock na Hugh Grant ya mwaka 2002, Two Weeks Notice, notisi ya wiki mbili, ilitakiwa iwe na ritifaa baada ya Weeks. Haikuwekwa, na ikaingia sinema hivyohivyo. Mwandishi wa Uingereza, Lynne Truss, aliilalamikia mpaka kwenye kitabu chake cha 2003. Hollywood wana wahariri wa kulipwa, na imewapita. Mtoto wa watu wa kidato cha pili kaipatia mara mbili kwenye kapsheni moja, na ndo huyo aliyezomewa.

Hapo ndo pa kujiuliza. Wengi waliocheka hawakuwa wanajua kanuni. Walijua tu kwamba yeye hakusoma "English medium", wakaamua lazima amekosea, kisha wakatafuta kosa lilipo. Angeandika mtangazaji mmoja aliyerudi kutoka Uingereza, wangeiga. Anayejifunza lugha anatakiwa aongee na aandike hadharani ndo anyooke. Akichekwa akikosea na akichekwa akipatia, atanyamaza, na aliyemcheka naye hajafaidika chochote maana bado hajui ritifaa inakaa wapi.

Kuna mwalimu mmoja aliingia kwenye zile komenti na kueleza taratibu kwamba dada yupo sahihi. Alipata laiki nne. Yule wa skrini shoti hajafuta wala kuomba radhi mpaka leo.

Mrembo, kama utapita hapa, rudisha ritifaa zako zote mbili. Kwa sasa hivi ukurasa wako unasema umewala wakwe.

Wadau mnasemaje, nani alitakiwa kuombwa radhi hapa?