Bleni tangini
Bleni, samaki aitwaye kitaalamu Salarias fasciatus, huishi kwenye matumbawe ya maji mafupi, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Samoa. Hufikia sentimita 14 na, kwa kukosa kibofu cha hewa, hushinda chini, juu ya mawe. Tangi lake huhitaji mawe yenye mashimo, nyuzijoto 24 hadi 27 na kifuniko, maana huruka. Hula mwani, hivyo tangi jipya lisilo nao humkondesha hadi kufa. Bara, kama Gehandu wilayani Hanang, Tanzania, maji ya tangi hutengenezwa kwa chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya Ziwa Balangida la wilayani humo, yenye magadi, hayafai.