Ngoma masomoni: watoto wacheze kwa kujifunza, si kwa kupokea wageni tu

Siku ya proklamasyo, mwisho wa mwaka, watoto wa darasa la kwanza na la pili hupangwa mistari katika kiwanja cha shule, vitambaa kiunoni, wakacheza mbele ya wazazi. Watu wanapiga makofi, wengine wanawabandika feza kwenye paji la uso. Sherehe ikiisha, na ngoma imeisha, mpaka siku mgeni mukubwa atakapofika. Ndiyo hali ya dansi katika shule nyingi za msingi za Kivu na Ituri: iko kwenye sikukuu, haiko darasani.

Kwenye karatasi si hivyo. Programu ya taifa inahesabu sanaa na mazoezi ya mwili kuwa masomo, sawa vile hesabu na lugha. Lakini saa hiyo njo ya kwanza kukatwa. Mwalimu akichelewa na hesabu, anachukua saa ya mazoezi. Na mtihani wa kumaliza darasa la sita haumuulizi mtoto kama anajua kufwata mapigo ya ngoma.

Historia yenye kuacha alama

Kuna sababu ingine, ya zamani. Wakati wa ukoloni, wamisionari wengi waliona ngoma za mababu kuwa mambo ya kipagani na wakazikataza. Mobutu alizirudisha, lakini kwa faida yake. Miaka ya 1970, "animation politique" iliingia makazini na masomoni. Watu wakacheza kumsifu yeye na chama chake cha MPR. Mzee aliyepitia wakati ule, akiona leo wanafunzi wanangojea gari za wakubwa kwenye jua kali, anajua kwamba hiyo si elimu. Hawa watoto wanatumiwa, na masomo ya siku hiyo yamepotea.

Basi wazazi wanaokataa ngoma masomoni wana sababu. Wengine wanaogopa mabinti wao wafunzwe kukata kiuno kama kwenye video za ndombolo. Wengine wanasema kanisa halikubali. Hata hivyo, katika makanisa mengi ya hapa wazazi haohao wanacheza wakipeleka matoleo. Kwa Wakatoliki, misa ya Kizairwa, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inaruhusu kucheza. Kumbe ngoma yenyewe si tatizo. La kuuliza ni hili: nani anafunza, anafunza nini, na kwa faida ya nani?

Faida kwa mtoto mdogo

Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa bure, mwezi wa 9 mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Vita nayo imesukuma familia kutoka vijijini, na shule zingine zimegeuka malalo ya wakimbizi. Mtoto wa miaka sita anakaa amebanwa kwenye benchi asubuhi nzima. Mwalimu anauliza: tutachezea wapi? Jibu ni nje, chini ya mti. Ngoma haiombi vitabu wala umeme. Makofi na kidumu kitupu vinatosha.

Na inafunza. Mtoto anahesabu mapigo mpaka nane, anajua kuume na kushoto, mbele na nyuma. Anajifunza kungoja zamu na kusikiliza mwenzake. Katika madarasa ya kwanza, Kiswahili njo lugha ya kufunzia katika majimbo yetu, lakini mtoto aliyetoka kijijini pengine anajua Kihunde, Kinande ao Kilendu tu. Akisikia "ruka", "geuka", "polepole", na kuona wenzake wanafanya, anayashika maneno kwa mwili mbele ya kuyaandika.

Ngoma ya nani?

Hapa ndipo pagumu. Katika inchi ambako jina la kabila linaweza kumuua mtu, kuchagua ngoma si jambo dogo. Mwalimu akifunza ya kabila moja tu na kuiita "ngoma yetu", watoto wengine wanabaki wageni darasani mwao. Akiziepuka zote na kuwasha simu, watoto wataiga mambo ya baa.

Njia ya tatu ipo: kila mwezi ngoma moja, kwa zamu, ya jamaa mbalimbali za darasa, na watoto wote waicheze. Bibi wa mtoto mmoja aje aonyeshe hatua, aeleze ngoma hiyo ni ya mavuno, ya ndoa ao ya matanga. Lakini wazee waulizwe kwanza, kwani si kila ngoma ni ya watoto. Kwa Warega, kwa mfano, ngoma za Bwami zinafwata daraja za walioingizwa, hazichezwi ovyo.

Mtoto aliyecheza ngoma ya jirani yake hatakomesha vita. Lakini atakuwa amemshika mkono mbele ya kufunzwa kumuogopa.

Kinachowezekana sasa

Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili katika urizi wa dunia. Serkali ilifurahi sana, lakini furaha hiyo bado haijafika kwenye ratiba ya darasa la kwanza. Na ufundi hautoki mbali: Faustin Linyekula na Studios Kabako wanafanya kazi Kisangani, na Goma vijana wengi wamepitia Yolé!Africa.

Ni kweli, kuna walimu wasiolipwa, na kuwaongezea mzigo si haki. Lakini dakika 20, mara mbili kwa juma, ndani ya saa ambayo iko tayari kwenye ratiba, si mzigo mpya. Kwenye mkutano ujao, kamati ya wazazi inaweza kumuuliza direkta maswali mawili: saa ya sanaa na mazoezi inaenda wapi? Na mara ya mwisho watoto kucheza bila mgeni yeyote kuwatazama ilikuwa lini?