Mgonjwa wa moyo asipewe haluli

Zipo nyumba nyingi ambazo haluli haikosekani. Mtu akilalamika tumbo zito, miguu kuvimba au uchovu usiokwisha, huambiwa mwili umejaa uchafu, anywe chumvi ya haluli asafishike. Kijana mwenye afya yake huenda akaharisha siku moja, yakaisha. Lakini mzee wetu au mama yetu mwenye ugonjwa wa moyo hafai kabisa kupewa kitu hicho.

Chumvi ya haluli ni magnesiamu salfeti. Sehemu yake inayoingia kwenye damu, iwe magnesiamu au salfeti, hutolewa na figo. Salfeti si kitu kigeni mwilini. Nyama, samaki, mayai na maharage tunayokula yana protini yenye salfa, na salfa hiyo mwilini hugeuka kuwa salfeti. Figo huichuja, hurudisha sehemu kubwa kwenye damu kwa kuwa mwili unaihitaji, na inayozidi hutoka na mkojo. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, ingawa mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Sasa huyo anayesema mwili hausafishiki mpaka unywe kitu, kazi yote hii anadhani inafanywa na nani?

Figo nazo zinautegemea moyo. Karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo. Moyo ukidhoofika, damu inayofika huko hupungua, na figo hufanya kama vile mwili umekaukiwa maji: hushikilia chumvi na maji. Ndipo miguu huvimba na mgonjwa akilala chali pumzi humbana. Uvimbe ule ni maji, si uchafu, wala hauondolewi kwa kuharisha.

Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa 96 wenye moyo uliodhoofika kwa muda mrefu, wakawalinganisha na watu wenye afya. Wagonjwa walikuwa na salfeti nyingi zaidi katika damu, na iliyotoka kwenye mkojo ilikuwa pungufu. Wale ambao figo zao ziliiondoa vizuri zaidi ndio waliokuwa na hali njema baadaye. Watafiti wenyewe walisema uchunguzi zaidi unahitajika, na hakuna anayejua bado kama salfeti yenyewe ndiyo inayodhuru. Kwangu mimi inatosha kujua kwamba mlango wa kutokea umebana. Mlango ukibana, huongezi mzigo ndani.

Na mzigo mbaya zaidi katika haluli ni magnesiamu. Akina mama wanaijua dawa hii hii kwa njia nyingine: ndiyo sindano wanayopewa wenye kifafa cha mimba, na imeokoa maisha ya wengi. Lakini kabla ya kuongeza dozi, mkunga huangalia mkojo unaotoka, huhesabu pumzi, na hugonga goti kwa kinyundo aone kama mguu unaruka. Anafanya hivyo kwa sababu figo zikishindwa kuitoa, magnesiamu hujaa kwenye damu, misuli hulegea, shinikizo la damu hushuka, moyo hupiga polepole, na mwisho pumzi huweza kukatika. Ikiwa hospitalini wanachukua tahadhari yote hiyo, sisi nyumbani tunapata wapi ujasiri wa kumpimia babu kwa kijiko?

Isitoshe, wagonjwa wengi wa moyo tayari wanatumia vidonge vya kupunguza maji, kama Lasix. Vidonge hivyo hutoa maji pamoja na potasiamu. Ukiongeza kuharisha juu yake, mgonjwa hukaukiwa, figo hupata damu kidogo zaidi, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua dukani kama karanga, nazo hupunguza damu inayoingia kwenye figo na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Mgonjwa wa moyo asizitumie bila kumuuliza daktari.

Miguu ikizidi kuvimba, au uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, mpelekeni mgonjwa hospitali. Mkifika ombeni apimwe kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, maana wengi hupimwa presha tu wakarudi nyumbani. Vidonge vya maji msivikatize wenyewe. Kama choo ni kigumu, semeni, zipo dawa nyingine za kulainisha. Tena bebeni kila anachotumia, pamoja na mitishamba na hiyo haluli kama ameshainywa, mumwekee daktari mezani. Wengine huificha kwa aibu, na daktari akabaki anatibu asichokijua.